Bibi wa Waialeale na Neno Nililoliandika

Neno lile nililiandika mimi, sitaki kumsingizia mtu. Nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Harrow, Uingereza, na kila zamu ikiisha tunaandika daftarini mzee ameshindaje. Nimeishia darasa la saba Unguja, Kiingereza changu cha kuokoteza. Nikaandika: Amechanganyikiwa, anaongea na mlango.

Bibi mwenyewe kazaliwa Hawaii, kisiwa cha Kauai, akaolewa na Mwingereza, akafiwa naye huku. Ukimpeleka bafuni au sebuleni husimama mlangoni, huimba kidogo kwa lugha yao, kisha hunyamaza. Ukimvuta anashikilia fremu ya mlango. Mimi nilimvuta, wiki nzima.

Siku moja mvua inapiga dirisha, akanieleza. Kwao kuna mlima, Waialeale, maana yake maji yanayochezacheza mpaka yakafurika. Mawingu ni nadra kubanduka kileleni. Na mvua za kwao zina majina, ya bonde hili si ya bonde lile.

"Hii yenu ya hapa inaitwaje?"

Nikamwambia, mvua tu. Akanitazama kwa huruma.

Juu kule watu wa kale walijenga madhabahu ya mawe, wakipanda na sadaka za mungu wao, Kane. Nyumbani kwao yeye alifunzwa hivi: hupandi mahali kama pale, wala huingii kwa watu, mpaka uimbe kuomba ruhusa na mwenyeji akuitikie. Usipoitikiwa, unabaki hapo hapo.

Uso uliniwaka. Mimi niliyelelewa kupiga hodi mara tatu na kurudi nisipoitikiwa, ndiye niliyemwandika mwenzangu kuwa hana akili. Jioni ile alipoimba mlangoni mwa bafu nikaitikia, "Karibu, bibi, karibu ndani." Akaingia mwenyewe, hata mkono wangu hakuutaka.

Lakini daktari alikwisha kulisoma daftari. Akaagiza bibi ahamishiwe ghorofa ya juu, ya wenye maradhi ya kusahau, kwenye milango inayofungwa kwa namba. Nikamwendea meneja wetu, Mkenya. Nimpe haki yake: ndiye aliyenifundisha kazi, na siku hiyo wafanyakazi watatu walikuwa wagonjwa.

"Si uliandika mwenyewe, dada?"

"Niliandika ujinga."

"Ujinga uko na sahihi yako. Sasa nimwambie daktari nini, ati mama anabisha hodi kwa mlango ya choo?" Akacheka.

"Kwani nyinyi kwenu mnaingia tu?"

"Kwetu ni kwetu. Hapa ni kazi."

Hasira ilinipanda, mpaka leo haijashuka vizuri. Ni kweli bibi alikuwa akisahau. Mara mbili aliniuliza mumewe yuko wapi. Pengine daktari aliona mengine nisiyoyajua mimi. Lakini kusahau ni kusahau, na adabu ni adabu, na wao waliitia adabu yake katika hesabu ya maradhi.

Alihamishwa Jumatano. Nikaandika karatasi, na makosa yangu ya herufi, nikaibandika juu ya kitanda chake: Akiimba mlangoni anaomba ruhusa. Mwitikie kwa lugha yoyote, umwache aingie mwenyewe.

Meneja aliisoma, hakuibandua. Nikamwomba basi na daftari lisahihishwe. Akasema kilichoandikwa hakifutwi, ndiyo sheria. Basi neno langu limo, na kila anayepokea zamu huanza na daftari kabla hajamwona bibi.