Nduma mbili chini ya mtoto: nilivyofundishwa kula nikichuma kahawa Ruiru

Wakuu, habari zenu. Na nyinyi vijana, niaje.

Juzi nimesoma humu uzi wa watu wa gym wakibishana juu ya breakfast. Mmoja anasema oats, mwingine mayai sita, mwingine anasema usiguse kitu mpaka saa sita mchana. Nikacheka. Halafu nikamkumbuka mtu.

Nitaandika ilivyokuwa tu, bila chumvi. Nakaribia miaka tisini, sina wa kumpendeza. Mjukuu amenikuzia maandishi kwenye simu, na natumia kidole kimoja, kwa hiyo nivumilieni.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza darasa la nane (sekondari niliimaliza baadaye kwa masomo ya posta), na miguu yangu ilikuwa inawasha kutaka kwenda.

Nilitoka kwetu Bunyore kwa miguu hadi stesheni ya Luanda. Mama alinifungia kuku wa kuchemsha na viazi vitamu. Baba hakunifungia kitu. Alisimama mlangoni, akaangalia shamba, mahindi yalikuwa ndiyo yameanza kutoa mbelewele. Akasema, "Utarudi kabla hayo hayajakauka."

Hayo maneno nilisafiri nayo kuliko kuku.

Gari la moshi, daraja la tatu, viti vya mbao. Tulipofika Nakuru kuku alikuwa ameisha, na hapo stesheni nikanunua mkate mzima wa kwanza maishani mwangu. Mnanielewa? Shuleni mkate tuliuona Krismasi, kwenye meza ya walimu. Sasa nilikuwa na wangu, umefungwa karatasi, na hakuna wa kuniomba. Niliula wote nikiangalia nje dirishani. Nikajiambia, hiki ndicho chakula cha mtu aliyesoma.

Nairobi nikabadilisha gari mpaka Thika. Thika nilizunguka siku nne nikitafuta kazi. Kila geti naambiwa rudi mwezi ujao. Siku ya tano mtu mmoja akaniambia kahawa ya Ruiru imeiva na mikono haitoshi. Nikafuata reli kwa miguu, kurudi nilikotoka. Nyinyi mnaokaa Membley na mageti yenu, upande huo wote sisi tuliuona ni kahawa mpaka macho yanachoka.

Karani akaandika jina langu. Sheria ilikuwa fupi. Debe nne kwa siku. Ukishindwa siku nne kwenye wiki moja, Jumamosi jina lako linakatwa na unaondoka.

Nikapewa kitanda kwenye chumba cha Odhiambo, mpakiaji wa lori, mtu mpole mwenye mabega kama mlango. Kila wiki tulipewa unga, maharagwe na chumvi.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Maharagwe yangu yote nilimpa Odhiambo anipe sukari yake aliyojinunulia. Mkate nikawa nachukua kwa mkopo kwenye duka la Mhindi pale Ruiru. Asubuhi chai ya sukari nyingi na slesi mbili, mchana slesi moja, jioni ugali na chumvi.

Odhiambo aliniangalia. "Omera, ndugu yangu, una uhakika?"

"Mimi si mtu wa maharagwe," nikamwambia.

"Sawa," akasema, akaficha maharagwe yangu haraka nisije nikabadili mawazo.

Laini yangu ya miti ilipakana na ya mama mmoja Mkikuyu, tukimwita Mama Wambui. Alikuwa mfupi, na alikuwa na pengo mbele na mtoto mgongoni. Huyo Wambui alikuwa hajaanza hata kutambaa.

Wakuu, sijawahi kuona mikono kama ile. Alichuma kwa mikono miwili kama anayekamua ng'ombe, nyekundu zinashuka kwenye kikapu, za kijani zinabaki mtini, na hatazami. Debe saba. Mtoto akilia anamhamishia mbele, ananyonyesha huku mkono mmoja unaendelea.

Lakini kilichonishangaza zaidi si hicho. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni sikumwona akiweka kitu mdomoni. Maji tu. Yeye na wenzake wote wa kijiji chake.

Mimi nilikuwa nachuma nikiwa na kalamu ya wino kwenye mfuko wa shati. Siku ya kwanza tu akaiona.

"Mwalimu," akaniita, l yake mara nyingine ikigeuka r, "hiyo karamu inachuma, ama inaandika majina ya kahawa?"

Wanawake wakacheka laini nzima. Jina likanikaa.

Jumatatu nilipata debe tatu. Jumanne tatu. Kufikia saa nne magoti yanatetemeka, nikawa nafyonza maganda ya kahawa kwa sababu ni matamu, tumbo likanikata vibaya. Jumatano jua la saa sita lilinikuta nimeshika tawi. Nilipofungua macho nilikuwa chini, kikapu kimemwagika, na uso wa Mama Wambui uko juu yangu.

"Haiya! Mwalimu amelala na jua iko juu."

Akanipa maji. Halafu akauliza kama daktari, "Umekula nini leo?"

"Chai na mkate."

Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Ngai! Hiyo ni chakula ya kulinda mgonjwa asikufe. Siyo ya kazi."

Nikaona haya. Nikamjibu kwa hasira, "Na wewe mbona huli kabisa?"

Kicheko kikakatika. Akaangalia kwanza aliko nyapara, kisha akanieleza polepole.

Vijana wa sasa labda hamjui. Ilikuwa Hali ya Hatari. Watu walikuwa msituni wanapigania ardhi, na serikali ya mkoloni iliamua kuwakatia chakula. Vijiji vilizungushiwa mtaro na miiba, lango moja, askari mlangoni. Wanawake wakitoka kwenda kazini wanapekuliwa vyondo. Chakula hakitoki. Hata kiazi kimoja. Ukipatikana nacho, unahesabiwa umekipeleka msituni.

"Kwa hivyo tunakula ndani," akasema. "Lango haijafunguliwa, giza bado iko. Githeri ya njahi, bakuri mbili. Nduma. Uji ile imechacha. Unakula na huna njaa, unakula mpaka unasikia vibaya. Unakula ya siku mzima. Wakipekua, wacha wapekue. Tumbo hawawezi kufungua."

Nikaanza kuokota kahawa iliyomwagika. Mimi niliyeruhusiwa kubeba chakula popote nilikuwa nimeanguka kwa njaa. Yeye aliyekatazwa alikuwa na debe la tano.

Jioni hiyo hesabu yangu ilikuwa debe mbili. Siku ya tatu nimeshindwa. Nikishindwa Alhamisi, kwisha. Niliyaona mahindi ya baba, bado mabichi, na yeye kasimama mlangoni.

Nilienda kwa Odhiambo kuomba maharagwe yangu. Akafungua mikono. "Omera, hayo yalishaingia kwenye lori." Akajipiga tumbo.

Alhamisi asubuhi nilifika kwenye laini nimekula ugali wa jana kwa chumvi. Mama Wambui akaja, akaangalia huku na huku, akainama kama anayemfunga mtoto vizuri. Akafungua shuka. Chini ya matako ya Wambui kulikuwa na jani la mgomba limekunjwa bapa. Ndani yake nduma mbili, yaani magimbi, za kuchemsha, na bonge la njahi, yale maharagwe meusi ya Kikuyu, zilizopondwa. Vuguvugu bado.

"Chumvi ameweka Wambui," akasema. "Kura."

Wakuu, chumvi ya Wambui ilikuwa kweli imeingia. Nilikula hivyo hivyo.

Nilikuwa nimemaliza nduma ya kwanza nikamsikia Nyokabi, msichana wa laini ya pili, anasema chinichini bila kunitazama, "Wiki iliyopita walipata mama na viazi mbili ndani ya kitambaa. Mpaka leo hatujamwona."

Nikamwangalia Mama Wambui. Nikarudisha jani. "Mama, siwezi."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Maliza," akasema. "Hiyo ikibaki ndiyo itaniuza. Iko tumbo yako, haiko mahari popote. Iko kwa jani, iko kwa mkono ya nyapara. Maliza, Mwalimu, usinitazame kama mtu ya kanisa."

Nikamaliza. Nililamba jani. Akalichukua, akalichana vipande, akavikanyaga kwenye tope chini ya mti mpaka havionekani. Kisha akafunga mtoto, akachuma. Hakunisaidia hata punje moja. Debe lake lilikuwa lake.

Nimekula pilau za harusi Tanga, nimekula samaki Kisumu na Mwanza, nimekula hotelini kwa watu wenye vitambaa vyeupe. Sijawahi kula kitu kilichoingia mwilini kama zile nduma. Saa nne ikafika, magoti yakakaa. Saa sita ikafika, nikasahau kwamba ni saa sita. Debe la nne lilijaa lori likiwa limeshawashwa, nyapara akapiga kofi pembeni ya debe punje zishuke, zikashuka kidogo, nikaongeza mkono mmoja wa kahawa, akasema, "Andika nne."

Mama Wambui alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Hakugeuka. Lakini nilimwona mgongo unacheka.

Ijumaa nne. Jumamosi nne na nusu. Jina halikukatwa.

Kuanzia hapo sukari nikaiacha. Maharagwe na mahindi ya kununua nilichemsha jioni, nikayala alfajiri, bakuli mbili, nikiwa sina njaa. Mara moja nikapeleka ndani ya kopo kumrudishia shukrani, kwa sababu mimi nilikaa ndani ya shamba na hakuna aliyenipekua. Alionja punje tatu, akatema.

"Hii githeri umepika ukiwa umekasirikia nani? Kahawa imeiva kuriko hii."

"Nilichemsha saa mbili, mama."

"Saa mbiri ni ya chai. Rudisha kwa moto."

Akanifundisha kuloweka. Wiki iliyofuata alikula kopo lote, akalipangusa kwa kidole, akanirudishia likiwa safi kama limeoshwa. Hakusema tamu. Alisema tu, "Sasa unaweza kuoa."

Somo langu, wakuu, ni dogo. Watu wa kazi za mwili, kuleni kabla ya kazi, na kuleni chakula chenye uzito kinachoota karibu nanyi. Mkate ni mzuri, bado naupenda, lakini sitauita tena chakula. Na jambo jingine: tangu Alhamisi ile sijabakisha kitu kwenye sahani. Watoto wangu walikua wakidhani baba ni bahili. Sasa wakisoma hapa watajua.

Kahawa iliisha. Kwetu mahindi yalishakauka, yakavunwa, na mimi sikuwa nimerudi. Nikasikia kuna kazi Voi. Asubuhi niliyoondoka nilikuwa nimesimama stesheni ya Ruiru na kifurushi changu, wanawake wa kijiji wakapita barabarani kwa mstari wakipelekwa shamba jingine, askari wawili pembeni. Hawakuruhusiwa kusimama.

Aliniona. Hakupunguza mwendo, alipaza tu sauti mbele ya bunduki zote mbili.

"Mwalimu! Umekura?"

"Nimekula ya siku nzima, mama!"

"Umebakisha?"

"Sijabakisha hata jani!"

Askari mmoja akacheka, akasema hawa watu mawazo yao ni tumbo tu. Mama Wambui hakucheka. Alipandisha mtoto juu kidogo mgongoni, akakaza shuka, akaenda. Sikumwona tena, na Ruiru sijalala tena.

Huyo Wambui, kama yuko hai, ni bibi wa watu sasa. Hajui alinilisha.

Haya, na nyinyi. Asubuhi ya leo kabla ya kazi ulikula nini, na ni nani alikuandalia? Niandikieni hapo chini. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.