Rafiki yangu Muitaliano, waziri kisha kiongozi wa Ulaya, na glasi ya maracuja

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi. Mimi ni katekista mstaafu hapa mtaani Gihosha, na kwa umri huu sina sababu ya kuwatungia uongo.

Zamani parokia yetu ilipokea kijana Muitaliano, fundi wa mabomba ya maji. Nitamwita Duilio.

Siku alipotutembelea, mama yangu alimmiminia juisi ya maracuja, yaani pasheni, akaionja kwanza, ndipo akampa. Kwetu mwenyeji huonja ili mgeni ajue hakuna sumu.

Duilio akafuta ukingo wa glasi kwa leso, akaiweka chini bila kunywa.

Mama aliingia jikoni na machozi. Nilipomweleza kijana maana yake, akamfuata, akapiga magoti, akaomba glasi ileile.

Alirudi kwao akaingia siasa. Diwani, mbunge, naibu waziri. Huko serikali huvunjika mara kwa mara! Aliniandikia: "Katekista, serikali imeanguka tena, niko nyumbani napika tambi." Nilicheka, nikamwombea.

Baadaye akawa waziri kamili, kisha Bunge la Ulaya, kisha cheo kikubwa Brussels. Hapo barua zikakoma.

Niliendelea kumtaja kwenye rozari kila jioni. Mke wangu akanitania: "We mzee, unaombea mutu alishasahau hata jina yako!"

"Apana, mama Chantal. Mi naomba Mungu asimusahau yeye."

Lakini wakuu, iliniuma. Nilitaka kujua kama bado nina rafiki.

Mwaka huu alikuja na ujumbe wa Ulaya, akaandaa mapokezi mtaani Kigobe. Padri wetu alialikwa, akanichukua. Nikavaa koti langu la harusi, nikasimama karibu na mlango.

Akapita akisalimia watu. Alipofika kwangu, akanitazama.

Akachukua glasi ya maracuja kwenye sinia, akanywa kidogo, akaninyooshea.

Afisa wa protokali akashtuka: "Excellence, tumuletee mzee glasi ingine!"

"Apana," akajibu kwa Kiswahili chetu. "Hii ndiyo yake. Katekista, mama yuko wapi?"

"Alishatutangulia kwa Mungu."

Akainamisha kichwa. "Basi unywe kwa ajili yake."

Nikanywa yote.

Nilichojifunza: ukimya wa mtu usikufanye uache kumwombea. Nilipomsimulia mke wangu, akasema: "Haya, leo tuanze rozari na yeye."

Nanyi wakuu, rafiki yenu aliyepanda cheo aliwapokeaje? Nasoma majibu yote, polepole, kwa miwani.