Vidole vya Rukia Kwenye Picha za Watu

Rukia alidhulumiwa, na dhuluma yenyewe ni hii: kwa miaka kumi na tisa alishika watoto wa watu mbele ya mashine ya eksirei, mikono mitupu, huku kipimo chake cha mionzi kikiwa kimefungiwa kwenye droo ya bosi wake.

Kazi aliyoajiriwa kufanya ilikuwa kupiga deki. Lakini mtoto aliyevunjika mguu hatulii, na fundi wa eksirei alikuwa mwoga kama kunguru. Alivaa yeye ile aproni moja ya madini ya risasi, inayozuia mionzi, akajibanza nyuma ya ukuta, akaita, "Rukia, njoo umshike huyu!" Rukia akaacha ndoo, akaenda.

Kipimo cha kubandika kifuani alikivaa siku moja tu. Kesho yake Daktari Abdulkarim, mwenye kliniki hiyo ya Iringa mjini, akakichukua. "Kikipotea utanilipa, na kikisoma mionzi mingi watatufungia chumba." Kila miezi mitatu kilipelekwa kusomwa, majibu yakarudi safi. Daktari akapongezwa. Mtu mzima na ndevu zake, anapongezwa kwa usalama wa droo!

Mwaka jana kidonda kilichokataa kupona kwenye mkono wa kulia wa Rukia kikaitwa saratani. Madaktari wa Mbeya wakasema vidole viwili vitakatwa. Rukia, ambaye alikuwa ameshaacha kliniki na kuishi kwa kukanda maandazi mtaa wa Kihesa, akadai fidia. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ukamtuma Kalinga, kijana mwenye tai, aliyesomea kukadiria mionzi ambayo mtu alipata zamani.

"Mama, rekodi inasema sifuri," alisema Kalinga.

"Kipimo hicho kilipima droo, baba. Droo ikiugua, kailipeni fidia."

Kalinga akakohoa. "Na daftari la chumba lina jina la fundi peke yake. Sasa nikadirie kwa kutumia nini?"

"Asiyejua kusoma ni mimi, lakini kipofu ni wewe na daftari lako."

Hasira hiyo ndiyo iliyomkumbusha. Picha ya eksirei huenda nyumbani na mgonjwa, na hakuna mtu anayeitupa. Akaenda kwa Faustina, muuza mboga, ambaye mwanawe alivunjika paja akiwa na miaka minne.

"Ile picha ya Lugano unayo?"

"Shoga, naitupaje? Niliuza mbuzi kuilipia."

Wakaiinua dirishani. Kulikuwa na mfupa wa paja la mtoto, na juu yake mifupa ya mkono wa mtu mzima, kidole cha shahada kimepinda pale kilipopondwa na mchi Rukia akiwa msichana.

"Wewe huyo!" Faustina akacheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote umelala chini ya godoro langu, na kodi hulipi!"

Rukia akazunguka nyumba kwa nyumba mpaka akapata picha arobaini na tatu. Kalinga akazimulika moja moja, mkono wa Rukia ukiwa pembeni ili aulinganishe, na safari hii hakukohoa. Katika zote, mkono ulikuwa ndani kabisa ya mwale wa mashine. Akaandika. Ili makadirio yakamilike, kilichobaki ni mwenye kliniki kujaza fomu na kusema walishikwa watoto wangapi kwa siku, na kwa amri ya nani.

Wakaenda kwake wote wawili.

"Mimi sikumtuma," alisema Daktari Abdulkarim. "Alishika kwa huruma zake."

"Huruma za kuitwa kwa jina mara kumi kwa siku?" akauliza Rukia. "Umesoma mpaka ng'ambo, daktari, ukarudi na ulimi wa mwizi wa kuku."

Fomu ikabaki mezani kwa daktari, haina sahihi. Siku ya upasuaji ikafika, vidole vikakatwa.

Mpaka leo Daktari Abdulkarim anadaiwa hesabu ya watoto, na sahihi yake kwamba aliyetuma ni yeye. Mfuko unadaiwa jibu. Nao, baada ya kuziona picha zote arobaini na tatu, bado umekaa unamsubiri mwongo aseme kweli.