Chumba cha Mama Upande wa Ziwa

Trrrr, chak! Hiyo ni sauti ya tepu ya fundi ikirudi ndani ya kasha lake, na mpaka leo nikiisikia popote ninageuka. Fundi alikuwa ameivuta kutoka kigingi hadi kigingi, akasema, "Futi kumi na mbili kwa kumi. Sasa hiki ni cha nani, madam?" Akaiachilia. Nami nikajibu kwa furaha, mbele ya watu wote, "Hicho ni cha mama."

Ni fundi peke yake aliyeandika.

Mimi si mchoraji wa nyumba. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi Migori mjini kwenye duka la vigae, na kazi yangu ni kuwaonyesha wateja picha za bafu ambazo hakuna mtu amewahi kuoga ndani. Ukikaa sana na picha hizo unaanza kuhamia humo. Kwa hivyo kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Nairobi, aliposema anataka kujenga nyumba ya likizo kwetu kisiwani Rusinga, chini karibu na maji, nilimwambia asitafute mtu, nitachora mimi. Alicheka sana. "Haya, injinia. Chora."

Nikachora kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Nyumba ndefu, nyembamba, paa moja. Upande wa ziwa hauna ukuta, ni milango ya kukunja, ukiifungua yote sebule inakuwa nje. Mkuyu ulio pale sikuukata. Niliipinda veranda ikauzunguka, maana ndege wamejaza viota humo, na mimi ni nani niwahamishe? Bafu niliacha nusu yake bila paa, uoge ukitazama mawingu. Madirisha niliyapa wavu wa matundu madogo kabisa, kwa sababu wale wadudu wa ziwani, sami, wakija wanakuja kama moshi, na wenye kupiga picha za dukani hawajawahi kukutana nao. Sakafu nikaandika saruji nyekundu. Vigae navijua, vikilowa vinaangusha wazee.

Mzee niliyekuwa namfikiria ni mama. Tangu baba afariki analala peke yake kwenye nyumba yake kule juu. Siku moja tulikuwa tukianika omena, dagaa wetu wa ziwani, akasema bila kuniangalia, "Mlipokuwa wadogo usiku mlikuwa mnakohoa. Mmoja huku, mwingine kule. Nilikuwa najua wote mpo. Nataka nisikie hivyo tena, hata kama ni mara moja." Basi chumba chake nilikiweka mwisho, karibu na maji kuliko vyote, na sisi wote tukafuatana hapo hapo: mimi, kaka na mkewe, watoto wao wawili.

Mila niliijua. Kila mtoto wa Kijaluo anajua kwamba mwana akishaoa hawezi kulala chini ya paa moja na mama yake. Lakini nilijiambia, hii ni likizo bwana. Likizo nayo ina mila?

Siku ya kupima, kaka alikuja kutoka Nairobi, na baba mdogo, ndugu ya baba yetu, akashuka na gambuti zake kutuangalia. Fundi alikuwa Mkuria, kwa hivyo siku hiyo sote tuliongea Kiswahili, hata mama pale kwenye kiti chake cha plastiki.

"Nyathina," baba mdogo akaniita, mtoto wangu. "Hicho cha mama. Na hiki kinachofuata?"

"Changu."

"Na hicho?"

"Cha kaka na wifi."

Akamgeukia fundi. "Kwenu mnalala hivyo?"

"Mimi ni wa kupima tu, mzee."

"Baba," nikasema, "hii si boma. Ni kama lodge. Harusi ya binamu, si tulilala lodge moja Mbita, sisi wote na mama? Nani aliuliza?"

"Hiyo lodge ilikuwa na kaburi la baba yako?"

Kaburi lilionekana kutoka pale tuliposimama, limepakwa chokaa.

Kaka akajaribu kunisaidia. "Lakini sisi ni watu wa kanisa, baba."

"Na mimi ni wa wapi? Sabato iliyopita nani aliomba mpaka watoto wakalala? Naamini. Lakini chira sitaki kuwa mtu wa kwanza kuijaribu kama bado inafanya kazi. Jaribu wewe, na hao wawili wako."

Chira ni kule kukonda kunakowapata watu wa nyumba iliyovunja mwiko. Kaka akatoa simu, ambayo haikuwa imelia, akaitazama. Nikajua nimebaki peke yangu.

Nikamgeukia mama. "Mama, si wewe ulisema?"

"Nilisema, nyathina. Mtu husema." Akavuta leso magotini. "Mjukuu wangu akipata homa tu, mimi nitalala humo kweli? Toa hicho chumba. Hapo weka meza."

"Tufanye mapaa mawili basi, yako hapa kando..."

"Nyumba yangu iko pale baba yako aliponiacha. Imetosha."

Dukani mteja akikataa rangi moja ninamletea nyingine, hata tano, mpaka acheke. Pale sikuwa na rafu ya pili. Hakuna aliyenifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Baba mdogo hata aliisifu milango ya kukunja, akauliza kama yake inaweza kutengenezwa, "midogo tu, ya kuingiza mbuzi kwa heshima." Wote wakacheka. Mama pia alicheka, na nikaona ananiangalia kama mtoto aliyekataa kula.

Fundi akasema kesho wanachimba msingi, kwa hivyo kisichojengwa kiondolewe leo. Kisha wakapanda kule juu kwa mama kula samaki, kaka amemshika mama mkono. Nilisema nakuja.

Nilivuta vigingi vinne vya chumba kile kimoja kimoja. Kimoja cha upande wa maji kiligoma, nikakaa chini nikakikumbatia kwa mikono miwili mpaka kikatoka. Nikachota mchanga mbichi ufuoni kwa sketi yangu, nikajaza mashimo yote manne, nikayakanyaga kwa kisigino hadi yakawa sawa na ardhi.