Fundi Djaanfar na Hori za Musandam

Djaanfar Ousséni, fundi cherehani wa mtaa wa Mahabibo mjini Mahajanga, alipanda chombo cha baharini mara moja tu katika ujana wake. Hiyo ilikuwa mwaka 1979, alipohama kwao Marodoka, kisiwani Nosy Be, akiwa na miaka ishirini na minne. Alitapika siku mbili mfululizo. Alipofika Mahajanga alishuka pekupeku, amekumbatia ndoo ya nahodha, na alikataa kuiachia mpaka alipofika sokoni. Tangu siku hiyo alishona nguo za nusu ya mji, akaoa, akazaa, lakini kwao hakurudi. Dada yake Rabiata ndiye aliyekuwa akija kumtembelea.

Mwaka 2007 binti yake Bahia, aliyeolewa Khasab, mkoani Musandam, kule ncha ya kaskazini ya Omani, alituma bahasha ya picha. Milima mikavu ilisimama wima ndani ya maji, na bahari imejipenyeza katikati yake kama mkono ndani ya shati. Maji yalikuwa yametulia tuli. "Njooni Januari, hakuna joto," aliandika. "Tutashinda siku nzima mashuani."

Djaanfar alizitazama picha hizo wiki nzima. Mwishowe akamwambia mkewe, Kalathoumi, "Bahari hii haina mawimbi. Naiweza."

"Milima yenyewe haina hata mti," alisema Kalathoumi. "Mbuzi wao wanakula nini?"

"Utawauliza."

Mipango ikaanza. Djaanfar alishona suti mbili za safari, moja ya kupandia ndege na nyingine ya kupandia mashua, hii ya pili ya kitambaa kinachofulika haraka. Kalathoumi alikausha pilipili, akafunga vanila, akatia achari ya maembe katika chupa sita. Ila jambo moja lilimkera. Kwa kawaida alizungumza na mumewe Kimalagasi, lakini alipotaka kutiiwa aligeukia Kikomoro, lugha ya mama yake. Jioni moja aligeukia Kikomoro.

"Baba Bahia, sitavuka nchi tatu kwenda kukushikia ndoo mbele ya wakwe. Kwanza tukajaribu kwa dada yako."

Basi Oktoba wakaenda Nosy Be. Kivuko cha kutoka bandari ya Ankify, upande wa bara, huchukua nusu saa. Djaanfar alifumba macho tangu kamba ilipofunguliwa, na kabla ya kufika nusu ya njia alikuwa ameshaharibu suti ya mashua. Kitambaa, kwa kweli, kilifulika haraka.

Rabiata, mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye mikono ya kupiga kasia, alizitazama picha za Bahia kwa makini. "Babu alikuwa akiyaita maji ya namna hii hori," alisema. "Kesho tuanze kujizoeza, mpaka tufike Sakatia."

Siku ya kwanza alimketisha Djaanfar ndani ya ngalawa iliyo juu ya mchanga. Djaanfar aliona haya, maana watalii wawili walisimama kumpiga picha. Siku ya pili ngalawa ilielea, imefungwa kwenye mti. Siku ya tatu, asubuhi maji yakiwa shwari, Rabiata alilishika kasia na kuipeleka ngalawa kuelekea kisiwa cha Sakatia. Djaanfar akafumba macho.

"Unafanya nini?"

"Najizuia, dada."

"Ulifumba hivyo hivyo mwaka ule?"

"Safari nzima."

Rabiata aliacha kupiga kasia. "Mdogo wangu, ndiyo maana. Tumbo halijui linapelekwa wapi. Fumbua, ukitazame kilima kile, usikiache."

Djaanfar alifumbua. Kilima kilikuwa palepale, hakiyumbi. Alikikodolea macho mpaka ngalawa ilipogusa mchanga wa Sakatia, akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Kisha akakaa chini akacheka, na akicheka machozi yakamtoka, maana alihesabu miaka ishirini na nane aliyoikosa nyumba ya wazazi wake kwa sababu ya kufumba macho. Rabiata alimpa muhogo wa kuchemsha, naye akaumaliza.

Januari walifika Khasab. Mashua ilipoingia hori ya kwanza, kulikuwa na milima kila upande, na Djaanfar alichagua mmoja akaushika kwa macho kama mtu anayetunga uzi sindanoni.

"Baba Bahia, pomboo!" Kalathoumi alimvuta mkono. "Wanaruka pembeni yetu."

"Niambie wakoje," alijibu, bila kugeuka.

Kalathoumi akamwambia: wangapi, migongo yao ilivyong'aa, na yule mdogo aliyechelewa kuruka. Siku ya tatu tu ndipo Djaanfar alipothubutu kuwatupia jicho. Tumbo likatikisika kidogo, akaurudia mlima wake, likatulia. Akatazama tena.