Kondo la Kwanza

Kazi yangu ni kutafuta weusi. Mama akijifungua na kukubali, tunachukua kipande cha kondo la nyuma, nakikata chembamba na kukitazama kwa hadubini katika maabara yetu pale Arua. Nikiona vidoa vyeusi, najua malaria ilijificha humo, hata kama mama hakuwahi kupata homa. Mwili wa mtu mzima aliyekulia huku umeshaizoea malaria. Lakini kondo ni nyumba mpya, na katika mimba ya kwanza kinga bado haijui adui wa humo. Mama anakwenda sokoni mzima, huku mtoto tumboni anakosa chakula.

Mwaka huu mdogo wangu aliyeolewa Koboko alishika mimba yake ya kwanza, nami kwangu Mvara, mtaa wa Arua, nikakosa usingizi. Vidonge vya kuzuia malaria humezwa kliniki, mbele ya muuguzi. Yeye alikataa kwa kuwa amefunga, akaambiwa arudi baada ya Idi. Baada ya Idi! Aliponiambia hivyo kwa simu nilikuwa na sampuli mkononi. Niliirudisha kwenye barafu, nikavua koti, nikapanda gari la Koboko. Kila dereva aliposimama kuchukua abiria nilimgombeza kimoyomoyo.

Nilimbembeleza muuguzi hadi akanipa vidonge vitatu nimpelekee. Jioni nikafuturu nao, mdogo wangu na mama mkwe wake. Tulipomaliza uji nikaviweka mbele yake. Akavisukuma upande wangu.

“Dada, mimi hapana gonjwa. Homa hakuna.”

Ilikuwa aibu tu, nilijua. Ramadhani yake ya kwanza nyumbani kwa mume, mama mkwe anatazama. Nani anataka kuonekana legelege? Lakini hasira zilinipanda. Nikaanza mhadhara wangu wa kinga, uleule ninaowapa wanafunzi, hadi nikajichosha mwenyewe. Yeye aliinamisha kichwa, akakunja ncha ya mkeka. Niliogopa. Niliona kondo lake tayari chini ya hadubini yangu.

Mama mkwe alivuta jagi. Alijaza kikombe maji, akamshikisha.

“Kunywa, binti yangu. Mimi pia homa ilikuwa hakuna. Mutoto yangu ya kwanza alizaliwa kidogo sana. Akakufa.”

Mdogo wangu akavimeza vyote vitatu. Nilishusha pumzi, nikadhani sasa nitatulia.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, mama mkwe alinifuata, akanyoosha kidole kuelekea migomba nyuma ya jiko.

“Kondo ya ile mutoto tulizika pale,” alisema. “Wewe unaweza pima?”

Nilimwambia haiwezekani, mama, miaka ni mingi, udongo umeshakula kila kitu. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka mlangoni.

“Hata kidogo?”