Hiari kwa Amri

Juma hili, katika ofisi moja mjini Kasese, nilicheka hadi nikatafuta pa kuegemea. Afisa wa wanyamapori, binti mdogo, alikuwa akimweleza mfugaji wa karibu na Bwera, sajini mstaafu, mkataba wa kuwalinda kobe wachache waliobaki kwenye malisho yake: asichome nyasi, asiruhusu wawindaji.

"Ni hiari, mzee. Hatukulazimishi."

Mzee akarudisha kalamu mezani. "Kama hamunilazimishi, hiyo kazi haiko ya maana. Mimi najua amri tu."

"Lakini kobe unawapenda?"

"Sana! Moja inalala na ng'ombe zangu. Lakini hiari sijafundishwa."

Binti akatutazama sote tuliokuwemo ofisini, kisha akasimama wima. "Sajini! Kwa hiari yako mwenyewe, weka saini! Sasa hivi!"

"Ndiyo, afande!" Saluti, kisha saini iliyotoboa karatasi.

Tulipiga makofi. Msimcheke sana, wasomaji: ni mema mangapi tunayatamani, tukingoja tu mtu atufokee?

Mlangoni mzee akageuka. "Afande, na kobe zimepewa amri zisitoke?"

"Hapana, mzee. Wanakaa kwa hiari."

Akatikisa kichwa. "Basi zitatoroka."